Kiganja cha Tatu

Dada yangu Dhapu alipewa jina la kumfungia Mungu mlango. Baba alikuwa na mabinti wanne, na kwetu Marwar, kwenye jangwa la Uhindini, binti wa tano huitwa Dhapu, yaani tumeshiba, basi. Mungu hakusikia. Nikaja mimi, na baba hakuwa na jina lingine la kumkemea nalo, akaniita Rami na kwenda zake shambani. Sisi wawili tulikua kama mzigo ulioshushwa nyumba isiyo yake, tukaolewa siku moja na ndugu wawili ili karamu iwe moja. Yeye alipata mkubwa, Bhera. Mimi nilipata mdogo, Kheta. Kheta ni mtu mwema na sina neno naye, lakini tusidanganyane, aliyepata mwanamume ni Dhapu.

Bhera alikuwa mtu wa kucheka kwa tumbo zima. Alikula mikate ya uwele kwa samli mpaka mama mkwe akaificha samli. Akitoka kisimani alikuja anaimba, na alikuwa hajui kuimba. Usiku wa baridi tuliwasikia yeye na dada wakichekeana upande wa pili wa ukuta, nami nikimsukuma Kheta kwa kiwiko: "Na wewe sema chochote basi." Kheta akasema, "Ng'ombe amekula?"

Kisima kilikuwa cha nyumba mbili, yetu na ya jirani yetu Ugma. Maji yalikwenda kwa zamu, zamu yao, zamu yetu, tangu wakati wa babu zao. Jangwani kwetu anayekosa zamu ya maji hana shamba, ana mchanga. Jira yetu, ile bizari nyembamba tuliyolima, ilisimama kwa zamu ile, na mahari za watoto, na kila mkate tuliokula.

Ugma alikuwa na ulimi wa samli. Kila asubuhi wanaume walikaa kibandani kwake kunywa kasumba, ile afyuni. Hutwanga kidonge chake kwenye kinu kidogo cha mti, hutia maji, huning'iniza kitambaa cha kuchujia, na yale maji mekundu hudondoka tone kwa tone huku wao wakisemana. Kisha hujimiminia kiganjani na kumnyooshea mgeni, na mgeni huinama akanywa humo humo mkononi, halafu hutiwa kipande cha sukari guru mdomoni kuua uchungu. Kiganja cha mtu hakikataliwi. Ukikikataa umemtemea mate usoni, na babu yake pia. Wakipatana mahasimu hunyweshana hivyo, viganja vitatu, na ugomvi unakufa pale pale.

Mwaka ule Bhera aliumia bega wakati wa mavuno. Ugma akaja mwenyewe mpaka kitandani kwake. "Ndugu yangu, kiganja kimoja tu. Bega litasahau kama ni lako." Na kweli likasahau. Bhera alivuna kama watu watatu, hasikii njaa, hasikii jua. Alirudi jioni anajikuna pua na kutabasamu peke yake. Nasi wajinga tukafurahi. Dada akampelekea mke wa Ugma bakuli la mtindi la shukrani. Mtindi ule mpaka leo unaniuma.

Sitasimulia yote hapa, maana dada aliyasimulia mwenyewe mbele ya watu, na nitawapeni maneno yake yakifika. Niseme tu kwamba kiganja kimoja kilizaa cha pili, asubuhi ikazaa jioni, na yule mwanamume wa kicheko akawa mtu wa kusinzia kidevu kifuani, mbavu zikihesabika, inzi wakimtembelea mdomoni. Zamu ya maji ikafika amelala. Ugma akamwambia, "Lala, ndugu yangu, nitakumwagilia mimi." Akamwagilia kweli, shamba lake mwenyewe. Zamu iliyofuata vivyo hivyo. Mwishowe ikawa ndiyo desturi, na desturi kwetu ni ngumu kuliko jiwe.

Dhapu ndiye aliyeamua. Alimfungia mumewe kwenye banda la majani makavu, akamkalisha Kheta mlangoni na rungu, akaingia na ndoo, maji na mkate. Alilia mle ndani kama mnyama aliyenaswa, yule Bhera, akamtukana dada matusi ambayo sikujua kama anayajua. Alipotoka alikuwa mifupa na macho. Lakini alikula. Ulipokuja mwezi wa kupalilia jira, tukamsikia anaimba vibaya vile vile kama zamani. Dada alikaa chini penye mavi ya ng'ombe aliyokuwa anayakandika, akalia kwa furaha na mikono yake yote michafu.

Bhera akaenda kwa Ugma kudai zamu yake.

Siku ile ile dada akanivuta mkono tukaenda nyumbani kwa Ugma, shela usoni. Alimwambia mlangoni, na mimi nimesimama ubavuni kwake: "Mwili wake umesahau kile kitu. Kiasi cha zamani sasa kitamwua. Usimpe tena, hata kidogo."

Ugma akashika masikio yake yote mawili, kama anayeapa. "Shemeji, mimi ni mnyama? Damu ya ndugu yangu hii."

Kisha akaita watu wa ukoo kwa ajili ya kupatana juu ya maji. Bhera alikikataa kiganja mara ya kwanza. Ugma akavua kilemba chake mbele ya wazee wote, akakiweka miguuni pa Bhera, akasema, "Kama hunywi, kikanyage." Nani kwetu anakanyaga kilemba? Akanywa. Viganja vitatu vilivyojaa, vya zamani, vya mtu aliyekuwa anakunywa asubuhi na jioni. Walimrudisha amebebwa, anatabasamu. Tulimsikia akikoroma tukadhani ni usingizi. Pumzi moja, kisha kimya kirefu, kisha nyingine, kama mtu anayekumbushwa. Kulipopambazuka midomo yake ilikuwa ya samawati, na mboni za macho zimebaki kama punje za haradali.

Wazee walisema siku yake ilifika. Dada akawaambia tulichomwambia Ugma mlangoni. Ugma akaapa hakuambiwa. Mashahidi? Mimi. Mwanamke, na mdogo wake. "Kasumba ya amani haijaua mtu," akasema Mzee Pabu, mkubwa wa ukoo, mwenye sikio moja linalosikia. Wakaondoka. Na zamu ya maji, kwa kuwa Bhera alishakunywa, ikahesabiwa imekwisha kupatanishwa, ibaki kwa Ugma.

Dhapu alivunja bangili zake za ndoa juu ya kizingiti, kama afanyavyo mjane, moja moja, bila haraka. Akaniambia, "Nataka aseme alijua. Aseme kwa mdomo ule ule, mbele ya wale wale. Na nataka maji yangu."

"Na kama hasemi?"

"Atasema. Mimi nitangoja kuliko yeye."

Akangoja. Binti aliyeachiwa na Bhera alikua, jira yetu ikakauka, tukawa tunalima mashamba ya watu. Dada alikonda, akawa na ulimi mkali hata kwa mbuzi. Kila alipompita Ugma njiani alimtazama kwa makini, kama mnunuzi anavyomtazama ngamia. Nikamuuliza unatazama nini. "Meno," akasema. "Ameanza kupoteza ya mbele." Mwaka mwingine akasema, "Sasa hakai kibandani mpaka adhuhuri bila kunywa tena." Mwaka mwingine: "Anakunywa hata kabla ya kunawa uso." Alikuwa anafurahi, dada yangu, na mimi nilifurahi naye. Mwenye kutaka kutulaumu kwanza afiwe na mume wake.

Basi Ugma akapata posa ya mwanawe, nyumba nzuri, watu wa ngamia wengi. Wakwe wakauliza kama kuna ugomvi ulio wazi. Wakaambiwa upo, mjane fulani. Wakasema msafara wa harusi hautapokewa mpaka ugomvi ufungwe, maana hawataki laana ya mjane iingie na bwana harusi. Ugma akatuma watu, akatuma samli, akatuma tena watu. Dada alirudisha samli mara zote. Alipoona harusi imekaribia kiasi cha kutorudi nyuma, akasema, "Aje. Lakini aje kwa desturi."

Desturi ni hii: mkosaji huja kwa aliyekosewa, asubuhi, mdomo mtupu. Hanywi kasumba ya kwake siku hiyo. Cha kwanza kuingia tumboni ni kiganja cha yule aliyekosewa. Na kabla ya kunywa, aliyekosewa husikilizwa mpaka amalize, na hakuna anayeinuka.

Watu wakakaa uani kwetu, vilemba vyekundu na vyeupe, Ugma katikati kwenye mkeka. Kheta akanyoosha mikono ioshwe, maana ilidhaniwa yeye ndiye atakayenywesha, ndugu wa marehemu. Dada akatoka jikoni, shela mpaka kifuani, akakaa mbele ya kinu.

Mzee Pabu akakohoa. "Binti, hii ni kazi ya wanaume."

"Baba, mume alikuwa wa nani? Wa Kheta?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajifanya anakohoa. Kheta akaikunja mikono yake, na kwa hilo namshukuru mpaka leo.

Akaanza kutwanga. Sijawahi kuona mtu akitwanga polepole vile. Akatia maji kidogo, akatwanga tena. Akakining'iniza kitambaa. Tone. Tone. Ugma akalitazama lile tone, na mimi juu ya paa na wanawake wengine nikamwona akimeza mate.

"Nina maneno," akasema dada. "Nitaanza na kichwa cha Bhera, nishuke."

"Sema, mama," akasema Mzee Pabu. "Ila jua linapanda."

"Jua litapanda bila sisi. Mnakumbuka macho yake? Alipokunywa mboni zilikuwa ndogo kama haradali. Alikuwa ananitazama hanioni. Mwanangu alipoanza kutembea alitembea mbele ya macho yale, na baba yake hakujua kama mtoto anatembea. Meno yake mlikuwa mnayajua, alikuwa anavunjia njugu. Mdomo ulikauka, akawa anataka sukari tu, sukari na chai, meno yakaoza yakawa yananuka. Nikamtazama mwanamume wangu anafyonza mkate kama bibi kizee."

Ugma alipiga miayo. Akaifunika kwa mkono, nyingine ikaja juu yake.

"Ndiyo," akasema dada, "na kwake ilikuwa miayo kwanza. Kasumba ikichelewa, miayo mpaka taya zinalia. Kisha machozi bila kilio. Kisha pua."

Watu wakamtazama Ugma. Alikuwa anajipangusa pua kwa ncha ya kilemba.

"Tumbo," akasema dada. "Samahani wazee wangu, lakini nyote mnakwenda porini asubuhi. Bhera alikuwa anakwenda na giza, anarudi jua kali, na hajafanya kitu. Siku nne, siku sita. Tumbo gumu kama kinu hiki. Nilimkamua kwa samli ya moto kama mnavyomfanya ngamia. Na chini ya tumbo, wake zenu wananisikia pale juu ya paa, wengine wenu mna kibanda chenu kila asubuhi, waulizeni wao. Kitanda changu kilikuwa cha kulalia tu."

Juu ya paa mke mdogo wa Mzee Pabu akanibana mkono. Chini wanaume walianza kutazama vidole vyao vya miguu.

"Binti, inatosha, umesikika," akasema Mzee Pabu.

"Sijamaliza mzee, na hakuna anayeinuka. Sasa nasimulia banda la majani. Nilipomfungia. Ngozi yake yote ilisimama vinyweleo kama kuku aliyenyonyolewa."

Hakuna aliyehitaji kuambiwa atazame wapi. Mikono ya Ugma ilikuwa imesimama vinyweleo, na hapo hapo jasho linamtiririka shingoni. Alijikunja. Akajinyoosha. Miguu ikaanza kujirusha yenyewe, na mwanawe bwana harusi akamshika magoti kama mtu anayemshikilia mbuzi.

"Mboni zikapanuka zikawa kubwa kama za paka. Mwanga ukamuuma. Ukimgusa, anaumia. Mifupa, alisema, kuna watu wanamtwanga mifupa kwa ndani. Kisha yale yote tumbo liliyoyafunga mwaka mzima likayafungua, akawa anajiharishia, nami namwosha, ananitukana, namwosha tena. Nilifanya hivyo, baba zangu, mpaka akawa mtu. Mlimwona akiwa mtu. Alikuja kwenu amekuwa mtu."

Akanyanyua kikombe kidogo cha mti kilichojaa maji mekundu. Akajimiminia kiganjani mkono wa kulia. Wote tukakiona. Ugma akakikimbilia kwa magoti.

Kiganja kikarudi nyuma, kifuani.

"Kwanza swali," akasema. "Nilikuja mlangoni kwako. Nilikuambia mwili wake umesahau, kiasi cha zamani kitamwua. Ulinisikia?"

"Shemeji, nipe kwanza, nitasema yote."

"Mimi si mnywaji wa kasumba, mimi sidanganywi. Ulinisikia?"

"Mzee Pabu, mwambie huyu mwanamke!" akalia Ugma. Pua yake ilikuwa inamwagika juu ya masharubu na hakuna aliyemwonyesha.

Mzee Pabu akaligeuza sikio lake zima. "Ameuliza swali dogo, Ugma. Ndiyo au siyo."

Tumbo la Ugma likanguruma, tukalisikia juu ya paa. Akajikunja mpaka paji la uso likagusa mkeka. Sauti ikatoka huko chini. "Nilisikia."

"Sema wasikie wenye sikio moja."

"Nilisikia! Uliniambia, na huyu mdogo wako alikuwepo. Nilijua. Nilitaka maji. Nipe."

Harufu ikaanza kuenea uani, mkeka wetu mzuri wa harusi ukawa haufai tena, na bwana harusi akageuza uso ukutani. Nilingoja nione huruma. Haikuja. Nilimkumbuka Bhera anaimba vibaya, nikatamani dada azungumze mpaka magharibi.

Akamnyooshea kiganja. "Hiki ni cha maji. Kuanzia leo zamu yetu imerudi." Ugma akanywa, akalamba mpaka katikati ya vidole.

Akamimina tena. "Hiki ni cha mwanao, apate kuoa. Yeye hakunikosea."

Ugma akanywa, kisha akafungua mdomo akingoja cha tatu, kama ndama. Dada akakichukua kikombe na kilichobaki ndani yake, akakifunika kwa kitambaa, akasimama.

"Cha tatu ni cha Bhera," akasema. "Hicho sikupi."

Akaingia jikoni. Nyuma yake makelele yakaanza: amani si amani bila viganja vitatu, lakini maji yamerudi, na mtoto amesamehewa kwa jina, na mkosaji amekiri, mnataka nini tena? Wazee wakaumiza vichwa vyao mpaka alasiri. Wakaamua harusi iende. Ikaenda.

Ila cha tatu kilikuwa hakijanywewa. Mtu mwenye kiganja cha amani kinachomngoja mahali pengine, hapewi kiganja mahali popote wala hakuna anayekunywa kwake. Kile kibanda kikawa kitupu asubuhi. Karamuni kikombe kilimruka Ugma kama anavyorukwa mwenye ukoma. Kasumba alikunywa, itakuwaje asinywe, lakini nyuma ya zizi, peke yake, akijimiminia kiganja chake na kujinyweshea mwenyewe. Hicho kwetu ni kifo kabla ya kifo. Alikuja mlangoni petu mara nyingi, fimbo mkononi, akamwita dada kwa majina yote mazuri. Mara nyingine alikuwa ameshakunywa, anatabasamu, hana hata aibu. Mara nyingine hajanywa, analia. Dada alikuwa anapalilia jira. Hakumtukana wala hakumjibu.

Alikufa majira ya baridi, kwa kifua, hakuhisi hata homa. Wanaume wakakaa msibani na kasumba ikapita, maana msiba hauna hiyana. Dada akajifunika shela, akachukua kile kikombe, kilichokuwa juu ya rafu ya jikoni miaka yote hiyo. Chini yake palikuwa na ganda jeusi lililokauka. Akalitia maji, akalikoroga kwa kidole. Akaenda mpaka mahali walipomchomea Ugma, majivu bado yana joto. Mimi nilikuwa nyuma yake. Akajimiminia kiganjani, akakinyoosha juu ya majivu, akakishikilia hapo muda mrefu, kama mtu anayemngoja mgeni ainame.

"Njoo basi," akasema. "Kunywa."

Kisha akakifungua kiganja, yale maji yakaingia mchangani.

Kuna wanaosema kisasi hakimshibishi mtu. Jioni ile nilioka mikate ya uwele, nikaipaka samli bila kubania. Dada alikaa akala mmoja, akala wa pili. Nilipomwekea wa tatu, hakuurudisha.